Kuhamia Kigali Kutoka Tanzania: Namna ya Kuzisoma Barabara Kabla ya Kufunga Mizigo

Gari linalotoka Dar es Salaam kwenda Kigali hutembea upande wa kushoto wa barabara kwa zaidi ya kilomita 1,200, likipita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na Nyakanazi, kisha likifika Rusumo huvuka mto Kagera na kuhamia upande wa kulia. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani vilizinduliwa Aprili 2016 na Rais Magufuli na Rais Kagame, na tangu hapo taratibu za nchi zote mbili hukamilishwa mahali pamoja, tena kwa haraka. Kinachochelewa kuvuka ni mazoea ya macho na mikono.

Mwongozo huu unamlenga mtu anayeishi Tanzania ambaye bado anapima kama ahamie Kigali au la. Mengi yaliyomo yatamfaa pia Mkenya au Mganda, kwa kuwa nchi zao nazo huendesha kushoto, ilhali Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Nia si kumfundisha mtu udereva, bali kumwezesha kujua mapema barabara za huko zitamgharimu nini katika maisha ya kila siku, na kama familia yake itazimudu. Shauri langu kuu ni kwamba usianzie kwenye usukani. Anza kwa miguu, kisha uwe abiria, na mwisho kabisa uendeshe. Wahamiaji wengi hufuata mpangilio wa kinyume, na hujikuta wanajifunza kila kitu kwa wakati mmoja huku magari yakiwapigia honi kwa nyuma.

Hatua ya kwanza: Kamilisha maswali ya karatasi ukiwa bado nyumbani

Swali la kwanza ni gari ulilonalo. Rwanda ilizuia uingizaji wa magari madogo ya usukani wa kulia mwaka 2005, kwa hiyo gari lako la kawaida lililoagizwa kutoka Japani linaweza kwenda kutembea na kurudi, lakini usipange maisha yako ukidhani utalisajili huko. Jambo hili peke yake hubadilisha hesabu yote ya kuhama, na linastahili kujulikana kabla ya kodi ya nyumba.

Swali la pili ni bima. Ukiingia na gari lako kwa matembezi utahitaji Kadi ya Njano ya COMESA (Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), ambayo hukatwa kwenye kampuni za bima za hapa nchini. Tanzania ilijitoa katika COMESA mwaka 2000 lakini imebaki katika mpango huo wa bima. Swali la tatu ni leseni: uliza ubalozi wa Rwanda, na uombe jibu la maandishi, kuhusu muda unaoruhusiwa kuendesha kwa leseni ya Tanzania ukiwa mkazi na utaratibu wa kuibadilisha. Usitegemee maelezo ya mtu aliyehama miaka kumi iliyopita.

Hatua ya pili: Nenda kwa basi, na kaa karibu na dirisha

Safari ya kwanza ifanye kwa basi hata kama una gari zima, kwa sababu abiria ana nafasi ya kutazama na dereva hana. Ukishavuka Rusumo umebakiwa na takriban kilomita 160 kufika Kigali kupitia Kibungo, Kayonza na Rwamagana. Mtu aliyezoea mabasi yetu atatarajia kuzimaliza kwa muda mfupi, lakini magari ya abiria nchini Rwanda yamefungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 60 kwa saa, na barabara yenyewe ni ya kupanda na kushuka, hivyo saa tatu ni makadirio ya mtu anayetaka kufurahi. Ukihamia huko, kila safari ya mkoani utaihesabu kwa kipimo hicho.

Kama basi lako limetoka Tanzania, tazama mlango wake. Uko kushoto, yaani upande wa ukingo wa barabara kwa Tanzania, lakini ukishavuka daraja upande huo huo unakuwa katikati ya barabara. Abiria anayeshuka Kayonza bila kuangalia hushukia kwenye njia ya magari yanayopita. Katika miji ya Goma, Bukavu na Bujumbura, ambako magari mengi ya Kijapani ya usukani wa kulia hutumika katika barabara za upande wa kulia, hali hii ni ya kila siku, na wenyeji hufungua mlango wakiwa wameshageuza shingo.

Rudisha saa yako nyuma kwa saa moja, kisha ufikirie giza. Jua halijui mpaka; kinachobadilika ni saa ya ukutani. Anayetoka Ngara au Karagwe amezoea giza liingie kama saa moja jioni, na Kigali giza hilo hilo humkuta saa yake ikisema saa kumi na mbili. Maana yake ni kwamba watu wanaotoka kazini saa kumi na moja hukutana na foleni wakati mwanga unapofifia, na mtoto anayechelewa shuleni hurudi nyumbani gizani. Kwa mzazi, hilo ni jambo la kuandika kwenye daftari.

Hatua ya tatu: Tembea kwa miguu kabla ya kitu kingine chochote

Watu hudhani hatari kubwa ya kuhama upande wa barabara iko kwa dereva. Dereva ana gari la mbele la kulifuata, ana mistari na alama, na usukani wenyewe humkumbusha kwamba mambo yamebadilika. Mtembea kwa miguu hana kinachomkumbusha. Tangu utotoni tumefundishwa kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena kabla ya kuvuka, na mwili hufanya hivyo bila kuuliza. Kigali gari la kwanza linalokufikia linatoka kushoto. Mtu hutazama kulia, anaona barabara tupu, anashusha mguu, na pikipiki iko begani kwake.

Kwa hiyo tenga siku mbili za kutembea tu. Mji una njia nzuri za waenda kwa miguu kando ya barabara kubwa, jambo ambalo mkazi wa Dar es Salaam ataliona mara moja, na yapo maeneo yaliyofungwa kwa magari kabisa, kama Imbuga City Walk katikati ya mji na sehemu ya Biryogo kule Nyamirambo, ambako pia utasikia Kiswahili kingi na kupata watu wa kuwauliza maswali. Ila usijifunzie kuvuka mahali pasipo na magari. Simama kwenye vivuko vya barabara kubwa za Remera au Kicukiro na utazame mambo matatu: madereva wanasimama wenyewe wanapomwona mtu kwenye zebra, au wanasubiri ashushe mguu? Wenyeji wanavukia zebra pekee, au popote? Na pikipiki zinasimama pamoja na magari, au zinapenya pembeni baada ya magari kusimama? Jibu la swali la tatu ndilo lenye uzito zaidi, kwa kuwa pikipiki iliyofichwa na basi lililosimama haionekani hadi imefika.

Kama una watoto, fanya zoezi hilo pamoja nao. Wafundishe kutazama pande zote mbili mara mbili, badala ya kuwakaririsha upande mpya, kwa sababu likizo watarudi Tanga au Mwanza na watavuka barabara za huko pia.

Hatua ya nne: Panda pikipiki na basi la mjini

Pikipiki ya abiria Kigali huitwa moto, na tofauti yake na bodaboda utaiona kabla hujapanda: dereva anakukabidhi kofia ngumu, anakusubiri uifunge, na hachukui abiria wa pili. Mshikaki wa watu watatu uliouzoea huko hauna nafasi. Pamoja na hayo, moto ni usafiri wa kasi katika mji wa vilima, na safari chache zitakuonyesha jinsi madereva wanavyozipanda na kuzishuka kona, jambo utakalolihitaji utakapokuwa wewe ndiye uliye kwenye gari na wao wakiwa pembeni yako.

Katika mabasi ya mjini malipo hufanywa kwa kadi na abiria hupanga mstari kituoni. Hakuna konda anayegonga bodi na kumpigia dereva mluzi. Panda basi kutoka stendi kuu ya Nyabugogo jioni ya siku ya kazi, na upime muda wa kusubiri kwenye mstari, kwani mara nyingi huo ndio mrefu kuliko safari yenyewe. Kama unaweza kuuvumilia, huenda huhitaji gari kwa mwaka wa kwanza.

Hatua ya tano: Simama pembeni ya kipilefti kwa nusu saa

Hili litaonekana jambo la ajabu, lakini hakuna mahali panapofundisha zaidi. Chagua kipilefti chenye magari mengi, kwa mfano kile kilicho mbele ya ukumbi wa Kigali Convention Centre pale Kimihurura, usimame salama juu ya njia ya miguu, na ufuatilie gari moja moja tangu linapoingia hadi linapotoka.

Tanzania magari huzunguka kipilefti kwa mwelekeo wa mshale wa saa, na anayeingia humtazama aliye kulia kwake. Kigali mzunguko ni wa kinyume, na magari yaliyokwisha kuingia hukujia kutoka kushoto. Kichwa huelewa hilo mara moja. Shingo ndiyo husumbua. Baada ya dakika kumi za kutazama utaanza kukisia gari gani litatoka wapi, na ukishaanza kukisia sawasawa ujue macho yameanza kugeuka.

Ugumu mwingine ni haki ya kupita. Katika nchi zilizowahi kutawaliwa na Ubelgiji ilirithiwa kanuni kwamba kwenye makutano yasiyo na taa, alama wala trafiki, unampisha anayetokea kulia kwako. Sisi tumezoea kumpisha aliye kwenye barabara kubwa, na anayetoka kichochoroni hujua kwamba ni lazima asubiri. Kwa hiyo unapokuwa katika mitaa ya makazi, usidhani kwamba gari linalotoka kwenye njia ndogo ya vumbi upande wako wa kulia litasimama kwa sababu tu wewe uko kwenye lami. Kwenye vipilefti, tafuta pembetatu iliyopinduliwa kichwa chini pale mahali pa kuingilia: ikiwepo, aliye ndani ndiye mwenye haki. Andika katika daftari lako ni vipi vina alama hiyo na vipi vina taa, hasa vile vilivyo katika njia utakayoitumia kwenda kazini.

Hapa pia panafaa kutaja lugha ya madereva isiyoandikwa. Katika barabara kuu za Tanzania, dereva wa lori aliye mbele yako akiwasha indiketa ya kulia anaweza kuwa anakwambia usimpite, na akiwasha ya kushoto anakuruhusu. Barabara ikigeuka upande, ishara hiyo haiwezi kubaki na maana ile ile. Ukiiona Rwanda, usiisome kwa mazoea. Subiri uone mbele kwa macho yako. Madereva wa malori wanaolala Benaco kabla ya kuvuka mpaka ni walimu wazuri wa mambo haya, na wengi hufurahi kuulizwa.

Hatua ya sita: Jua kamera, trafiki na kalenda

Nchini Tanzania mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi hulindwa zaidi na trafiki mwenye tochi, na madereva hupeana taarifa kwa kumulika taa. Rwanda ina kamera nyingi, nyingine za kudumu na nyingine za kuhamishwa, na taarifa ya faini humfikia mwenye gari kwa ujumbe wa simu. Kamera haimulikiwi taa wala haisikii maelezo. Soma vibao vya mwendo kwenye njia zako, kwani kikomo hubadilika kati ya 40, 60 na 80 kulingana na sehemu, na kushuka mlima bila kugusa pedali ya mafuta kunatosha kukuvusha kikomo. Wala usijaribu kumpa trafiki kitu ili yaishe. Anayefanya hivyo ameongeza kosa la pili lililo zito kuliko la kwanza.

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, na wakati huo usafiri hupungua sana. Zipo pia Jumapili ambazo baadhi ya barabara za mji hufungwa asubuhi kwa ajili ya watu kutembea na kukimbia, utaratibu ulioanza mwaka 2016. Mwenye biashara ya kusafirisha bidhaa, au anayetarajia wageni wa harusi kutoka nyumbani, aziweke siku hizo kwenye kalenda mapema. Usiku wa mwisho wa juma kuna ukaguzi wa ulevi, na dereva aliyepimwa na kukutwa amelewa huwekwa mahabusu. Kwa hiyo gharama ya kurudishwa nyumbani na dereva mwingine iingie kwenye bajeti ya anayependa kwenda kunywa.

Hatua ya saba: Sasa endesha, lakini si gari lako

Kodi gari la usukani wa kushoto kwa siku moja au mbili, ukiwa na mwenyeji pembeni. Anza asubuhi ya Jumapili isiyo na barabara zilizofungwa, magari yakiwa machache.

Utakaa upande wa kushoto na gia itakuwa mkono wa kulia. Pedali hazibadiliki: klachi, breki na mafuta zipo pale pale. Katika magari mengi ya Kijapani tuliyozoea, indiketa iko kulia kwa usukani na waipa iko kushoto, lakini magari mengi ya usukani wa kushoto yameviweka kinyume, kwa hiyo mara kadhaa utataka kukata kona na badala yake utapangusa kioo kikavu. Hilo ni la kuchekesha tu. La hatari ni kwamba dereva aliyezoea kukaa kulia huliacha gari likisogea polepole upande wa kulia, kwa kuwa mwili wake haujazoea kuwa na gari lote upande huo, na Kigali kando ya barabara nyingi kuna mitaro mirefu iliyojengwa kwa mawe. Mwombe mwenyeji wako akuambie kila unapoukaribia mtaro, na utazame saiti mira ya kulia mara nyingi kuliko ulivyozoea.

Kanuni moja inafaa katika nchi zote mbili ilimradi gari ni la upande unaostahili: dereva hukaa karibu na mstari wa katikati ya barabara. Ukijikuta uko karibu na mtaro na abiria wako ndiye aliye katikati, umeshakosea njia. Jikumbushe hilo kila unapotoka kituo cha mafuta, kila unapomaliza kukata kona kwenye barabara tupu, na kila unapoondoka mahali ulipoegesha alfajiri, kwa kuwa hizo ndizo nyakati ambazo hakuna gari jingine la kukurekebisha. Kona rahisi sasa ni ya kulia. Ya kushoto ndiyo inayokata njia ya magari yanayokuja, na inahitaji subira.

Fanya pia zoezi la mlima. Kigali iko kwenye kimo cha takriban mita 1,500, juu ya vilima vyenye miteremko mikali, na foleni hukukuta katikati ya mwinuko huku pikipiki ikiwa imekugusa kwa nyuma. Kama gari ni la gia za mkono, hakikisha unaweza kuondoka kwa breki ya mkono bila kurudi nyuma hata kidogo. Kwenye kushuka, tumia gia ndogo badala ya kukanyaga breki mfululizo.

Kwa wale watakaovuka na magari yao ya usukani wa kulia kwa matembezi, yapo mawili ya kuongeza. Kulipita lori kutakuwa kugumu, kwa sababu wewe umekaa upande wa mtaro na huoni mbele mpaka gari zima limetoka nje ya mstari; madereva wa malori yetu humtumia utingo kama jicho la pili, na wewe mtumie abiria mzima na makini, au usipite. Pili, taa ndogo za gari hilo zimetengenezwa kumulika zaidi ukingo wa kushoto, ambao Rwanda ndio upande wa wanaokuja, kwa hiyo zirekebishwe na fundi la sivyo utawapofusha.

Hatua ya nane: Pima njia zako mwenyewe, ikiwezekana wakati wa mvua

Maswali ya jumla kuhusu foleni hayana faida kubwa. Chukua nyumba mbili au tatu unazozifikiria, na kutoka kila moja uende kazini, shuleni, hospitalini, sokoni na mahali pako pa ibada, saa zile zile ambazo utakuwa unakwenda. Nyumba ya bei nafuu kule Kabuga au Nyamata inaweza kuwa na thamani nyingine kabisa ukishajua unaamka saa ngapi.

Mvua kubwa huwa kati ya Machi na Mei, na nyingine kati ya Septemba na Desemba. Ukienda Aprili utaona mambo ambayo Julai huyaficha: bonde la Nyabugogo linavyojaa maji, njia za udongo mlimani zinavyoteleza, na ni mitaa ipi teksi hazikubali kupanda. Kwa anayefikiria kuishi Musanze, Rubavu au Karongi, msimu huo ni wa lazima kuutazama, maana barabara za magharibi hukatiza miteremko inayoweza kuporomoka; mafuriko na maporomoko ya Mei 2023 yaliua watu zaidi ya 130 na kufunga barabara kadhaa.

Hatua ya tisa: Amua kuhusu gari kabla ya kuamua kuhusu nyumba

Kama gari lako ni la usukani wa kulia, lipatie mnunuzi Tanzania ukiwa bado upo, kwani kuuza kwa simu ukiwa nje humpa dalali nafasi ya kupanga bei. Usinunue jingine katika mwezi wa kwanza. Panga nyumba ya muda mfupi karibu na kituo cha basi, Remera au Kicukiro kwa mfano, uone kama moto na basi vinakutosha, na kama gari bado litahitajika, muulize fundi mwenyeji kabla ya kulipa kama litapita ukaguzi wa kiufundi ambao magari binafsi hufanyiwa kila mwaka. Gari la bei rahisi lisilopita ukaguzi huo litakaa uani kwako mpaka utakapolitengeneza.